Watatu kwa Gari Moja

Haya, mwenye akili anieleze. Ndugu wawili, tumbo moja, toka nitoke, wanaishi ua mmoja, wanatoka geti moja asubuhi moja, wanakwenda kufanya kazi hospitali moja iliyo upande wa pili wa jiji. Kila mmoja ana gari lake, na kila mmoja yumo peke yake, viti vingine vyote vitupu vinakula upepo. Na dada yao wa tumbo lile lile, anayefanya kazi hospitali ile ile, anapanda basi. Mambo hayo yaliendelea miaka mitatu, na majirani wakayazoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja.

Mkubwa aliitwa Sabuni. Hospitali nzima ilimwita hivyo kwa sababu alikuwa mkuu wa dobi. Mashuka ya wodi zote yalipita mikononi mwake, na shuka likitoka na doa la ukubwa wa punje ya mchele alilirudisha kwenye maji ya moto, hata kama wodi wanapiga simu wanalia. Mdogo aliitwa Picha, maana alikuwa mtu wa eksirei. Katikati yao alizaliwa Mama Pacha, karani wa masjala, mwanamke mwenye mdomo wake. Faili la mgonjwa likipotea alilitafuta huku akilitukana mpaka lijitokeze lenyewe kwa aibu.

Mama Pacha alipanda basi si kwa sababu kaka na mdogo wake walimnyima lifti. Walimwomba, kila mmoja kwa wakati wake na kwa siri. Lakini akipanda gari la Sabuni, Picha atanuna wiki nzima, na akipanda la Picha, Sabuni hatagusa chakula. Akaona bora abanwe mbavu na watu asiowajua kuliko kubanwa na ndugu zake. Kwa hiyo kila asubuhi gari la Sabuni lilitangulia, la Picha likafuata, wakaingia foleni moja na kukaa humo saa mbili nzima. Sabuni akiinua macho kwenye kioo alimwona mdogo wake nyuma yake, amekunja uso, anatazama pembeni.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa harusi. Baba yao alipofariki Picha alikuwa bado mwanafunzi, na Sabuni ndiye aliyekuwa baba. Alimsomesha, alimpeleka kazini siku ya kwanza, hata kunyoa ndevu alimfundisha yeye. Basi siku moja Picha akaja kumwambia kwamba amepata mchumba, wamekubaliana, na tarehe imeshapangwa. Alimwambia kama mtu anavyomwambia jirani kuwa maji yamekatika. Sabuni alisema vizuri, hongera, lakini jambo hilo lilimchoma moyoni.

Siku yenyewe ilipofika, Sabuni ndiye aliyetakiwa kusimama mahali pa baba na kusema kwa niaba ya ukoo. Ndugu wote walipanda basi la kukodi. Yeye akasema atakuja na gari lake, peke yake, wasimngoje. Wakafika, wakakaa, wakapewa soda. Upande wa bibi harusi wakauliza ni nani anayemsimamia bwana harusi. Kimya. Wakauliza tena. Bwana harusi anatazama mlango, jasho linamtoka. Walipouliza mara ya tatu alisimama Mama Pacha, viatu mkononi kwa sababu vilikuwa vinambana, akasema yale ambayo angesema baba. Sabuni alitokea watu wameshakula na wananawa mikono. Alipoulizwa, alitoa neno moja: foleni.

Nani atabishana na foleni? Foleni ni kama mvua, haina mwenyewe. Hakuomba radhi, maana mtu hamwombi mwenzake radhi kwa mvua aliyoikuta njiani. Picha naye hakusema kitu. Na tangu siku ile hakusema naye kitu tena.

Lakini mimi ninayesimulia sina sababu ya kumfichia Sabuni. Foleni haikumgusa. Alikuwa ameegesha gari kwenye kituo cha mafuta, katikati ya safari, suti mwilini na ufunguo mkononi, akijiambia ngoja na yeye aonje ilivyo kuachwa nje ya jambo. Alikusudia kukaa robo saa tu. Robo ikawa nusu, hasira ikamwisha, aibu ikamwingia, na aibu ilimkalisha pale muda mrefu kuliko hasira. Hakumwambia mtu. Hata mkewe hakumwambia.

Wangeendelea hivyo mpaka wazeeke, kama si barua kutoka kwa utawala. Nusu ya maegesho ya hospitali ilikuwa inajengwa wodi mpya ya wazazi, na jiji lenyewe lilikuwa limeshaziba koo kwa magari. Kwa hiyo kuanzia mwezi unaofuata, gari la mfanyakazi halitapita getini likiwa na watu chini ya watatu. Watu walilalamika weee. Muuguzi mmoja mjamzito akataka ahesabiwe wawili. Mlinzi wa geti, mtu mkavu asiyejua utani, akamjibu kwamba huyo wa ndani atamhesabu akishazaliwa.

Jioni ile Mama Pacha alisimama katikati ya ua, mahali ambapo milango yote miwili ingemsikia, akatangaza kwamba wa tatu ni yeye. Wawili waliobaki anawataka kesho asubuhi saa kumi na mbili kamili, wameshaoga. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na wa tatu mwingine, wakatoka. Wakakubaliana, kupitia kwake, kwamba wiki hii liende gari la huyu na wiki ijayo la yule. Mama Pacha akae mbele. Asiye na zamu ya kuendesha akae nyuma, kama abiria wa teksi.

Na hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao sijauona kwingine. Sabuni akitaka redio ipunguzwe, alisema, mwambie ndugu yako apunguze redio. Mama Pacha akageuza shingo akasema, anasema upunguze redio. Picha akajibu, mwambie hii ni taarifa ya habari. Mama Pacha akarudisha shingo. Watu watatu ndani ya chombo ambacho mmoja akipiga chafya wote wanalowa, na maneno yanazungushwa kana kwamba kuna mto katikati. Siku nyingine Mama Pacha alitafsiri hata kikohozi. Alisema siku atakayostaafu atadai pensheni mbili, moja ya masjala na moja ya ukalimani.

Lakini ukweli lazima usemwe, safari zenyewe zilipungua urefu. Wa hospitali walianza kwa kulazimishwa, wa shule ya jirani wakaiga, wa benki wakaona aibu kubaki peke yao barabarani. Haukupita muda ungeona magari yana vichwa vinne vinne, watu wamelaliana usingizi. Barabara ikapata pumzi. Mwendo wa saa mbili ukawa wa saa moja na dakika chache, na Sabuni, ambaye kwa miaka alikuwa akifika nyumbani giza limeingia, akaanza kufika jua bado linaonekana. Hapo akagundua kitu. Binti wa Picha, wa miaka miwili, saa hizo alikuwa bado macho, na alikuwa akimkimbilia. Mtoto hajui kununa kwa watu wazima. Alimwita Baba Mkubwa, akadai kubebwa. Sabuni alimbeba mabegani, akamzungusha ua mzima, kisha akamshusha mlangoni kwa mdogo wake, akagonga, na kuondoka haraka kabla mlango haujafunguliwa.

Jumanne moja Mama Pacha alimfuata dobi. Mashine zilikuwa zinanguruma, mvuke umejaa, ikabidi amsogelee sikioni. Akamwambia Picha amepata uhamisho. Aliuomba mwenyewe. Ni hospitali ya mji mwingine, safari ya siku nzima, na fomu anatakiwa kuirudisha ofisini Ijumaa ikiwa na saini. Wakienda, wanakwenda wote, na mtoto.

Sabuni alikuwa anakunja shuka. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena upande mbaya.

"Mwambie..." alianza.

"Hilo simwambii mimi," Mama Pacha alisema. "La redio nitamwambia. La dirisha nitamwambia. Hili umelifumbia mdomo miaka mitatu, lifungulie mdomo mwenyewe. Mficha uchi hazai, kaka."

Akaenda zake masjala. Sabuni alibaki amesimama mbele ya mashine namba mbili, akitazama mashuka yakizunguka. Alijua vizuri sana kinachomsubiri. Ndugu wakigombana, wahenga walisema, shika jembe ukalime, maana watapatana kabla hujarudi. Lakini mtu akiondoka na kinyongo kwenda mji wa safari ya siku nzima, akajenga huko, mtoto akakulia huko, basi hapo hakuna cha kupatana. Kutabaki simu za sikukuu na misiba. Alimpenda mdogo wake. Hakuwahi kuacha kumpenda hata siku moja, na hilo ndilo lililomfanya ajione mjinga zaidi.

Jumatano alijizoesha mbele ya kioo cha bafuni. Ndani ya gari, maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia, akabaki kusema asubuhi hiyo kuna ukungu. Mama Pacha akageuza shingo, akasema anasema kuna ukungu. Picha akajibu, mwambie nauona. Alhamisi alipata ujasiri wakiwa wameshafika, akafungua kinywa, na mlinzi wa geti akagonga kioo ahesabu vichwa. Usiku ule hakulala vizuri.

Ijumaa, lori la kokoto lilikatika ekseli katikati ya mzunguko mkubwa. Basi ikawa kama zamani, magari yamegandana pande zote nne, honi zinalia, hakuna anayesogea hata hatua. Wiki ile ilikuwa zamu ya gari la Sabuni. Yeye alikuwa kwenye usukani, Mama Pacha pembeni yake, Picha nyuma, na kwenye mfuko wa shati la Picha kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Sabuni aliiona kwenye kioo. Hakuwa na haja ya kuuliza ni karatasi gani.

Wakakaa dakika ishirini. Kisha likaja la dirisha. Picha alikuwa amefungua, moshi wa basi la mbele ukaingia.

"Mwambie ndugu yako afunge dirisha," Sabuni alisema.

"Mwambie nina joto."

"Mwambie moshi unaniumiza kifua."

"Mwambie kama kinamuuma aje nimpige picha."

Mama Pacha hakugeuza shingo. Alikusanya mkoba wake, akavua viatu vya ofisini, akavaa ndala alizokuwa amezibeba. Akafungua mlango.

"Mimi nakwenda kwa miguu," alisema. "Nitafika kabla yenu. Nitawangoja getini ili mtimie watatu. Na hayo ya moshi mtamalizana, nimestaafu."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na hilo liliwatisha zaidi. Wakamtazama akipenya katikati ya magari, mkono mmoja umeshika gauni, mwingine ukiwaonya madereva wa pikipiki, mpaka akapotea nyuma ya lori la mafuta.

Kioo cha nyuma kilipanda, kikafunga. Picha alikuwa amefunga dirisha bila kuambiwa mara ya pili.

Gari la mbele likasogea hatua tatu, likasimama. Sabuni hakuona, alikuwa amezama kwenye mawazo.

"Mwambie ndugu yako njia imefunguka," Picha alisema.

Aliyasema hayo kwa kiti kitupu. Mazoea, jamani, yana taabu. Sabuni alikanyaga mafuta, akasogea zile hatua tatu, na yeye naye akageukia kiti kile kile, akasema, "Mwambie nimeona." Kisha wote wawili wakasikia walichokifanya. Hakuna aliyecheka. Sabuni alijisikia joto likimpanda masikioni, kama mtu aliyefumaniwa akizungumza peke yake.

Akashika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari lilikuwa limesimama. Akajiambia liwalo na liwe. Akakitazama kiti kile kitupu, kwa sababu kukitazama kioo hakuweza.

"Mwambie ndugu yako," alisema, kisha akaanza upya. "Mwambie ndugu yako kwamba siku ya harusi yake haikuwa foleni."

Honi zililia, zikanyamaza.

"Mwambie aniambie mwenyewe," Picha alisema.

Sabuni akageuka. Aligeuka mwili mzima, mkanda ukamkaba shingo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu akamtazama mdogo wake bila kioo katikati. Aliona ameanza mvi mbili tatu juu ya sikio. Hakujua zilianza lini.

"Nilikuwa kituo cha mafuta," alisema. "Nilikaa makusudi. Nilikasirika kwamba hukuniuliza, ukaniambia tu. Nikasema ngoja. Halafu nikaona aibu kuja. Ulisimama peke yako kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye gari. Nisamehe, mdogo wangu. Nilitakiwa kulisema siku ile ile."

Picha alisogea mbele.

"Ilikuwa Jumapili, kaka," alisema.

"Nini?"

"Harusi yangu ilikuwa Jumapili asubuhi. Jumapili asubuhi kuna foleni gani jiji hili? Mbuzi wanalala barabarani." Sauti ilianza kumtetemeka. "Basi zima la ndugu zetu lilipita njia hiyo hiyo kwa dakika ishirini. Kila mtu alijua. Mama yetu alijua. Wakwe zangu walijua. Walinyamaza kukufichia aibu. Mimi sikunyamaza kwa sababu ulichelewa. Ningekusamehe kuchelewa. Nilikuwa nangoja useme."

Miaka mitatu Sabuni alikuwa amebeba siri ambayo ukoo mzima ulikuwa nayo. Alitaka kusema kitu, akakuta machozi yameshatangulia, akayafuta kwa kiganja kigumu cha mtu wa dobi.

Gari la mbele likasogea tena. Nyuma yao dereva wa basi dogo akapiga honi, akatoa kichwa dirishani, akauliza kama wanangoja kualikwa. Wakati Sabuni anahangaika na gia, mlango wa nyuma ulifunguliwa ukafungwa. Akadhani Picha naye ameondoka, kama dada yao. Kisha ukafunguliwa wa mbele, Picha akaingia, akakaa kwenye kile kiti, akavuta mkanda.

"Twende, watatupiga," alisema.

Wakaenda urefu wa gari moja, wakasimama. Wakakaa bega kwa bega, wakitazama matako ya basi la mbele. Lakini jambo lilikuwa halijaisha, na Sabuni alilijua. Kusamehewa ni kimoja, na karatasi ya mfukoni ni kingine.

"Usiende," alisema. "Sina haki ya kukuomba, lakini nakuomba. Tazama, ua wetu ni mkubwa. Mtoto ameshanizoea. Usinichukulie mtoto."

Picha alitoa karatasi mfukoni. Akaikunjua juu ya goti, akailainisha kwa mkono kama anayetafuta mfupa uliovunjika. Saini ilikuwepo tayari. Sabuni aliiona.

"Wanauliza sababu ya kuomba uhamisho," Picha alisema. "Kuna mistari minne ya kujieleza. Nilikaa nayo siku tatu. Mke wangu akaniambia andika ukweli, andika umegombana na kaka yako. Nikashindwa. Nikaandika neno moja."

Akamsogezea. Sabuni alisoma. Kwenye mistari ile minne, kwa mwandiko mzuri ule ule aliomfundisha mwenyewe, mdogo wake alikuwa ameandika: foleni.

Kicheko kilianzia kwa Sabuni, puani, kikajaribu kuzuiwa, kikashindikana. Picha akamfuata. Walicheka mpaka wakashikana mikono, mpaka yule dereva wa basi dogo akaacha honi akawa anawatazama tu. Kila mmoja akitulia alimwangalia mwenzake, wakaanza upya. Kulikuwa na kilio ndani ya kicheko kile, na hawakukificha.

"Sasa ofisini utawaambia nini?" Sabuni aliuliza, akipangusa macho. "Saini umeshaweka."

Picha aliinua kichwa. Mbele yao lori la kokoto lilikuwa bado limekaa katikati ya mzunguko, na magari yalikuwa yamejipanga mpaka macho yanapoishia. Akaitazama foleni yote ile, akaikunja karatasi mara nne, akairudisha mfukoni.

"Nitawaambia imepungua," alisema.